Aliyekufa kwa Jina la Mama

Kimaka, Jinja
Jumatatu, 9 Juni 2025. Asubuhi manyunyu, baadaye jua jembamba.

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Naamini barua hii inakukuta mzima, na uvimbe wa mguu umepungua. Mimi sijambo, mafua tu.

Sikukuu ya Idi ilinikuta zamuni. Tangu siku hiyo nakupigia, na simu inaniambia namba yako haipo. Haisemi imezimwa, inasema haipo. Najua masikio yako hayapatani na simu, ndiyo maana tunaandikiana, lakini nilitaka nikusikie tu.

Kazini mambo yamebadilika. Vifo vya hospitali yetu hatuviandiki tena kwa kalamu, tunaviingiza kwenye kompyuta. Naandika namba ya kitambulisho cha marehemu, mfumo unaleta jina, tarehe ya kuzaliwa na picha. Wenzangu wanabonyeza upesi upesi. Mimi namgeuzia ndugu wa marehemu kioo cha kompyuta na kumwuliza, "Huyu ndiye?" Kwa sababu hiyo wananiita mshenga wa maiti.

Nijibu kwa mkono wa Swaib wa teksi. Nini kimeipata simu yako?

Mwanao,
Rehemah


Mbale
Ijumaa, 13 Juni 2025

Mwanangu Rehemah,

Waaleikum salaam. Mguu umepona. Kunywa tangawizi, hayo mafua usiyadharau.

Simu waliikata wenyewe. Nilikwenda kuuliza, kijana wa laini akaniambia niweke kidole. Nikaweka. Akaitazama mashine, akanitazama mimi, akasema, "Mama, mwenye kidole hiki alishafariki." Nikamwambia, "Basi mwombee dua, na mimi unirudishie simu yangu." Watu walicheka, yeye hakucheka.

Sokoni nako wanahakiki wenye meza kwa vidole. Ambaye hajahakikiwa mwisho wa Julai, meza yake anapewa mwingine. Unajua ile meza ya vitenge nimeikalia tangu tulipomzika baba yako. Lakini Ketty, jirani yangu pale, yuko tayari kuiandika kwa jina lake, nami niendelee kuuza. Kwa hiyo usihangaike. Na kwenye hizo kompyuta zenu usiende kupekuapekua.

Nimekutumia ndizi na karanga. Swaib akisema karanga zilikuwa nusu mfuko, mwambie namjua.

Mama yako


Kimaka, Jinja
Jumatatu, 16 Juni 2025. Ukungu asubuhi, kisha joto kali.

Mama,

Asalaam aleikum. Karanga zilifika, nusu mfuko. Mafua yamekwisha.

Ulinikataza kupekua, nami nimepekua. Mfumo unasema Shifa Taban alifariki tarehe 17 Aprili mwaka huu kwa ugonjwa wa figo, katika hospitali yetu, tawi la Mbale. Picha ni yako, ile ya ushungi wa kijani. Karani wa huko angeitazama mara moja tu, angejua kwamba aliyelala kitandani si huyo.

Tarehe hiyo naikumbuka. Ulinipigia ukilia, ukaniambia rafiki yako Nandutu ametutoka. Nami najua hospitali yetu inawatibu bure wazazi wa wafanyakazi, na mzazi niliyemwandikisha mimi ni wewe peke yako.

Mama, nani alilala kwenye kitanda chako?

Mwanao,
Rehemah


Kimaka, Jinja
Jumatatu, 30 Juni 2025. Mawingu, hakuna mvua.

Mama,

Asalaam aleikum. Wiki mbili kimya. Swaib anasema barua uliipokea kwa mkono wako, ukaisoma ukiwa umesimama, ukamnunulia soda, ukamwambia hakuna jibu.

Sijakasirika. Nataka ulijue hilo kabla ya lingine lolote.

Mwanao,
Rehemah


Mbale
Alhamisi, 3 Julai 2025

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Hapa wote wazima, hata mimi marehemu.

Ulikwisha kujua. Uliniuliza ili niseme mwenyewe, kama nilivyokufanyia ulipokula sukari ya wageni. Haya, ni Nandutu.

Ulikuwa hujazaliwa tulipohamia mtaa huu. Baba yako mwanajeshi kutoka Arua, mimi si wa kwao wala si wa hapa, lugha yetu nyumbani ikawa Kiswahili. Majirani waliposikia Kiswahili, kwao lugha ya wanajeshi, walifunga milango, walidhani tumewaletea kambi. Nandutu alikuja na sufuria ya malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayopika huku. Kiswahili hakujua hata neno. Alikaa, tukatazamana, tukala. Baba yako alipokufa, Nandutu alilala nami sakafuni mpaka arobaini ikapita.

Figo zilipoanza kumshinda, hakuwa na uwezo wa hospitali yenye mashine, na mwanawe Lawrence ni askari magereza, mshahara wake unaujua. Nikatoa kitambulisho changu nikakitia mkononi mwake. Nikamwambia, "Leo wewe ni Shifa." Akasema, "Basi nifundishe kusalimia." Tulicheka mpaka mlangoni. Wauguzi wakiita "Mama Shifa," tulikuwa tunageuka wote wawili. Nilidhani atapona, anirudishie kadi, basi. Sikufikiri kwamba atakufa nayo.

Sasa nisikilize. Ukiusema ukweli huu watakufukuza, watasema ulijua. Mimi kufa kwenye kompyuta hakuniumi. Nakula, naswali, nauza. Niache huko nilipo.

Na kuna jambo jingine, naona haya kuliandika. Kule kwenye mashine Nandutu bado yu hai. Ni mahali pamoja tu duniani. Sitaki niwe mimi wa kumtoa.

Mama yako


Kimaka, Jinja
Jumatatu, 7 Julai 2025. Mvua tangu alfajiri.

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ingawa usingizi haunijii.

Kila siku naandika wafu wa watu, na wewe umeandikwa ukiwa jikoni unamenya ndizi. Siku utakayougua nitakupeleka wapi? Hakuna hospitali inayompokea aliyekwisha kufa. Na siku yenyewe ikifika, Mungu aiweke mbali, nitaandika nini?

Jumamosi Lawrence alikuja kwangu na mkate. Mara mbili amekwenda kuomba cheti cha kifo cha mama yake, mara mbili ameambiwa mama yake hajafa. Akafikiri labda ninaweza kumsaidia, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nilimpa chai, nikashindwa kumtazama, mwisho nikamwambia yote. Kisha akasema, "Dada, nilijua kuna mtu amembebea gharama za hospitali. Niliogopa kuuliza, nisije nikamjua nikashindwa kumtazama."

Leo nimekwenda kwa Madamu Juliet, mkuu wetu wa kumbukumbu, nikasema mwenyewe kabla hajaniuliza. Nisamehe kwa kutokungoja. Hakunipigia kelele. Alisema, "Rehemah, wewe tena, unayewasumbua wenzako kwa picha." Shauri langu linakwenda kwa kamati. Ila ofisi ya usajili itaombwa kwanza iondoe kifo kwenye jina lako, tukiandike kwa jina la Nandutu. Lawrence ataweka kidole.

Lakini Lawrence hakuwapo, ulikuwapo wewe. Mfumo unataka saa aliyofariki. Mimi nataka zaidi ya saa. Mama, alikwendaje?

Mwanao,
Rehemah


Mbale
Alhamisi, 10 Julai 2025

Mwanangu mkaidi,

Waaleikum salaam. Umenishinda. Ukaidi huu si wangu, ni wa baba yako.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Muuguzi alikuja akasema, "Mama Shifa, fungua macho." Hakufungua. Muuguzi alipotoka, Nandutu alinishika kitenge akaniambia kwa lugha yao, "Niite." Nilimwelewa. Siku zote zile alikuwa akiitikia jina langu.

Nikamwekea mdomo sikioni, nikamwita, Nandutu. Akaitikia. Nikamwita binti wa baba yake, akaitikia. Nikamwita Mama Lawrence, akaitikia. Nikamwita na lile jina letu la utani ambalo siwezi kukuandikia, hapo akacheka kidogo. Nikarudi kumwita Nandutu, hakuitikia. Niliendelea tu kumwita.

Wakaja kumfunika. Yule karani akaniuliza mimi ni nani. Nikasema, "Nandutu." Rehemah, sikupanga uongo. Hilo ndilo jina lililokuwa mdomoni.

Basi mtoe. Lakini mtoe kwa mkono wako, si wa yule karani.

Mama yako


Kimaka, Jinja
Alhamisi, 17 Julai 2025. Jua tangu asubuhi, upepo wa ziwani.

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Naandika asubuhi, nimekwisha kunywa chai, sina haraka ya kwenda popote.

Jana Lawrence alikuja na sare zake, kofia mkononi. Niliandika namba ya mama yake, picha ikaja. Nikamgeuzia kioo nikamwuliza, "Huyu ndiye?" Akaitazama sana. Akasema, "Ndiye. Angalia, hata kompyuta ameinunia." Tukacheka, na Madamu Juliet aliyekuwa nyuma yetu akacheka, halafu akaenda kusimama dirishani.

Niliandika saa kumi na moja alfajiri. Lawrence akaweka kidole. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza. Nikamwita kwa sauti ndogo, Nandutu, kama ulivyomwita wewe. Lawrence akasema, "Naam, dada, endelea." Nikabonyeza.

Kisha nikaandika namba yako. Ushungi wa kijani ukatokea, na chini yake pameandikwa: hai. Nenda sokoni ukaweke kidole kabla mwezi haujaisha. Ketty mshukuru, lakini meza iandikwe kwa jina lako.

Kamati nayo ilikaa jana hiyohiyo, alasiri. Nimesimamishwa kazi miezi mitatu bila mshahara. Baada ya hapo watasema kama nitarudi. Na wewe hutatibiwa tena kwetu, hilo wamelifunga. Madamu Juliet alinisindikiza mpaka getini akaniambia nisiwe na kiburi cha kukaa mbali, nipite kuuliza. Nilijua nitalia njiani, sikulia. Nilinunua samaki.

Jumamosi nakuja Mbale na Lawrence. Anataka kukuona. Ameniuliza sasa akuiteje, nikamwambia atakapofika mlangoni atajua mwenyewe.

Usihuzunike kwa ajili yangu. Tangu barua yako ya kwanza nilikuwa nalala majogoo wakiwika. Jana usingizi ulinichukua saa tatu na nusu usiku, majirani wakiwa bado hawajazima redio.

Mwanao,
Rehemah