Kikombe Alichokunywa Beya

Jumapili, mwisho wa kiangazi. Upepo umetulia, vumbi jekundu limelala juu ya majani ya mpapai, na mimi tangu juzi ni kama mtu anayetembea usingizini.

Juzi nilitazama mbegu zangu mwenyewe.

Kazi yangu ni ya maabara, katika kliniki ndogo hapa Manika. Ninapima damu, malaria, na siku nyingine mbegu za kiume. Wanaume wetu wanashuka kwenye mashimo ya migodi kule Mutoshi bila woga, lakini ukiwapa kile kikopo cha plastiki wanatetemeka. Nimewacheka sana. Zamu yangu ilipofika, nilingoja wenzangu watoke, nikafunga mlango, nikainama kwenye hadubini.

Kwa kawaida huwa naona kundi zima linakimbia, kama watoto wanaotoka shule. Kwangu kulikuwa na maji mapana yenye mwanga, karibu matupu. Mbegu chache zilizunguka pale pale, bila haraka. Ajabu ni kwamba palikuwa pazuri. Nilitazama mpaka macho yakaniuma, halafu nikalia.

Tangu hapo ninasoma tu. Watafiti wamechunguza panya, kondoo, fahali na watu. Wote hutengeneza mbegu polepole, mahali penye ubaridi kidogo kuliko mwili. Kwa mtu, kazi hiyo huchukua zaidi ya miezi miwili. Kama ni vumbi la migodi lililoniharibu, au joto, au nilizaliwa hivi, daktari niliyemwonyesha majibu anasema bado hajui. Lakini miezi miwili! Yaani ninazoanza kutengeneza leo zitakomaa mvua zikiwa zimeanza, mto Lualaba unajaa kule Nzilo. Wazo hilo limenibeba tangu asubuhi. Hata kwenye misa nilisimama wakati wengine wamekaa.

Ila kuna Beya, mke wangu.

Kwetu, watu wa asili ya Kasai, ndoa ikikosa mtoto mwanamke ndiye anayenyweshwa mizizi. Kila Jumapili baada ya misa mama yangu huleta chupa, na Beya hunywa. Juu ya hapo mama humwita "mama Mbuyi", jina la pacha wa kwanza, kana kwamba mapacha wako njiani. Anadhani anamtia moyo. Mimi nimemwona Beya akigeuza uso.

Leo mama alikuja na chupa yake na habari za mbuzi wake, anaowafuga nyuma ya nyumba. Walikuwa hawazai.

"Nilibadirisha dume," alisema huku akimimina. "Ile ya zamani njo ilikuwa na mambo. Bale mbuzi bibi habakuwa na kosa. Sasa yote iko na mimba."

Kisha akamnyooshea Beya kikombe. "Kunywa, mama Mbuyi."

Hakusikia maana ya maneno yake mwenyewe. Nilikipokea kikombe mimi kabla ya mke wangu.

"Mama, hii dawa ni ya mi. Nilijipima. Beya hana na kosa."

Nikanywa. Ni chungu kuliko kwinini. Nilitaka kutema, nikakumbuka ni Jumapili ngapi yeye amemeza mbele yangu, nami nimekaa natazama.

Mama hakunitazama mimi, alimtazama mke wangu, akamshika mkono, asiuachie. Niliogopa. Nilidhani atalia, au atanikana. Mwishowe akaisogeza chupa mbele yangu.

"Malizia, tata. Usiache mu chini." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Beya, mwana wangu, kuya tupike."

Tangu harusi hajawahi kumwita kwa jina lake.

Sasa jua linashuka. Kesho nitaanza vidonge vya daktari. Mvua zikija, nitakuwa na ujasiri wa kuinama tena kwenye ile hadubini? Na nikikuta maji yale yale matupu?

Sijui. Mdomo wangu bado mchungu, na jikoni namsikia Beya akicheka.