Mawingu Niliyoyatia Giza

Jumatatu, 4 Novemba
Picha kumi na mbili za hoteli leo. Kazi ile ile: nachagua anga peke yake kwenye kompyuta, napunguza mwanga, nakoleza kingo za mawingu. Meneja anasema anga jeupe halileti wageni. Ya mwisho ni mlima Oldeani, niliupiga asubuhi nikiwa barabara ya mashamba ya kahawa. Mawingu yalikuwa mepesi kama povu la sabuni. Sasa yanatisha. Nimejisikia fundi kweli kweli.

Jumanne, 5 Novemba
Shangazi Theresia kapiga simu kutoka Endabash. Kila mwaka majira haya ananiomba picha ya mlima, maana kijijini kwao kuna kilima kinachouficha. Mawingu meusi yakikaa begani mwa Oldeani, kwao wanajua mvua i karibu: wanahesabu siku tatu, wanapanda maharage. Nilikuwa na haraka. Nikamtumia ile ya jana, niliyoitia giza. Sikufikiri.
Hapana, nisijidanganye hata humu. Nilifikiri kidogo. Nilitaka aone ninavyoijua kazi.

Jumamosi, 9 Novemba
Amepanda. Mbegu yote, hakubakiza hata ya kupika. Majirani wanne nao wamepanda, kwa sababu kijijini yeye ndiye anayeusoma mlima, na yeye ndiye anayewachagulia mbegu. Alinieleza kwa furaha. Nikasema hongera, shangazi. Halafu nikatoka nje kuutazama Oldeani. Mkavu, hauna hata utepe wa wingu. Naogopa.

Alhamisi, 14 Novemba
Juzi kwao yalianguka manyunyu ya dakika kumi, kisha jua kali. Mbegu zilivimba, zikakauka. Zilizosalia wanafukua kanga. Shangazi aliniuliza kama huku Karatu imenyesha. Nikasema bado. Neno moja, tena la kweli, na nilijiona mnafiki.
Nimeziweka picha mbili pamoja, ya asili na yangu. Mtoto wa darasa la pili angeona tofauti.

Jumanne, 19 Novemba
Hoteli imeiweka ile picha mtandaoni. Sifa tele. Mgeni mmoja kaandika kwamba anasikia mpaka harufu ya udongo uliolowa. Meneja kanipigia kunipongeza, na mimi nikashukuru. Nikashukuru! Nimeona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Jumamosi, 23 Novemba
Endabash, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Nilimkuta shangazi jikoni. Nilisema kabla ya chai, nikijua kwamba nikishaipokea chai sitasema. Nikamwonyesha picha zote mbili kwenye simu na kumweleza nilivyofanya. Alitazama ya kwanza, ya pili, akairudia ya kwanza.
"Kumbe niliona sawasawa," akasema.
Nikasema ndiyo, shangazi, nisamehe.
"Mimi nimeshawaambia watu macho yangu yameharibika."
Wiki nzima na zaidi amebeba aibu yangu. Majirani walipokuja kuuliza, hakunitaja. Alijisingizia uzee. Tangu siku hiyo hakuna aliyemletea mbegu achague, kazi aliyoifanya tangu mama mkwe wake alipomwachia. Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu. Hakunibembeleza. Akasema kesho kuna ibada, na baada ya matangazo mtu mwenye neno huruhusiwa kusimama. Kisha akanimiminia chai.

Jumapili, 24 Novemba
Nilisimama. Nikasema mawingu yale niliyatengeneza mimi, shangazi yangu aliona kile nilichomtumia, macho yake ni mazima. Simu yenye picha zote mbili ikapita benchi kwa benchi. Hakuna aliyefoka. Afadhali wangefoka. Mzee mmoja aliuliza tu, "Sasa kijana, mlima ulikukosea nini?" Niliahidi kuleta mbegu kutoka sokoni Karatu. Mbegu ya sokoni siyo ile yao, wote tunajua.
Mchana nilikaa uani kwa shangazi, sijui niende au nibaki. Akaja Mama Paskalina, mmoja wa wale wanne, na ungo wa maharage aliyopewa na ndugu yake. Alinipita bila salamu. Akauweka ungo miguuni kwa shangazi, akasema, "Nichagulie, dada."
Shangazi akasogeza kigoda penye mwanga, akaanza kuchagua.