Ile pedi ya watoto

Wangeci, usinunue hiyo PlayStation kesho. Ngoja kwanza!

Si unajua Sylvance wa mtaa wa Fedha, yule hujiita mtaalamu wa kureview games? Leo amekuja hapa kwa Kimani, tukicheza, anajirekodi na simu.

Kimani akampea ile pedi ya kuchezea game imekufa. ILE IMEKUFA, ile tunapeanga watoto ndio wanyamaze! Mwenye alikuwa anacheza ni Kimani, na pedi nzima.

Jamaa anafinya button mpaka jasho. Eti, "Control ziko smooth, mazee. Hii naipea tisa kwa kumi."

Smooth! Pedi imekufa!

Na huyo ndio anakuchagulia kitu ya kununua?

Hata mtoto wa jirani Elsie akipewa hiyo pedi, anajua imekufa, analia hapo hapo. Sylvance naye amemalizia video yake, "Usisahau ku-subscribe."