Mkamwana wa Kijiji cha Majivu

Jumatatu, 5 Mei

Nimefungua stesheneri. Kopi za vyeti, picha za pasipoti, barua ya mtu wa kakao. Katikati nikachungulia kwenye kundi la gemu. Bado wanabishana. Kwenye gemu yetu dunia iliungua miaka mia mbili iliyopita, na watu bado wanakula makopo waliyoyakuta madukani. Mbona hakuna anayelima? Swali niliuliza mimi, kwa upole, halafu nikakaa pembeni kuota moto. Mmoja anasema ardhi ina sumu. Mwingine anamjibu, mbona magugu yanaota. Kutu, mkuu wa kundi, anasema maswali ya namna hii yanaua raha. Raha ya nani, hakusema.

Mimi na shemeji yangu Ambwene, ndugu wa mume wangu, tumejenga jibu letu. Kijiji cha nyongeza, kinaingizwa ndani ya gemu. Mpunga, migomba, soko la ufukweni kama la Lyulilo huku kwetu ziwani, vyungu vinashushwa kwenye mitumbwi. Kutu ndiye anayechagua vijiji vya mkusanyiko wa kundi. Kikiingia, watakicheza watu mpaka Nairobi. Kisipoingia, tumejenga kijiji cha watu wawili. Nataka kiingie. Nataka mpaka naona aibu.

Jumatano, 7 Mei

Kutu kajibu. Kijiji kizuri, ila kina hitilafu moja. Muuza vyungu unaongea naye, ghafla anaacha mzigo anakimbilia migombani. "Rekebisheni hilo, nakipitisha."

Nimecheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama kopi yake imeharibika.

Si hitilafu. Yule ni mkamwana, na baba mkwe wake anapita. Mzee akikaribia, mama aondoke njiani. Nilimwandikia hivyo mwenyewe.

Nimewaeleza. Huku kwetu mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Ni heshima. Wazee wanaishika, vijana nusunusu. Nilidhani nimemaliza.

Ijumaa, 9 Mei

Sikumaliza. Kundi zima limeacha makopo, limehamia kwa mkamwana.

"Dunia imeisha, ng'ombe wana vichwa viwili, nyie bado mnakimbiana na wakwe?"

"Huyo mzee ana mionzi?"

Nikawauliza, mbona kwenye gemu hiyohiyo kuna masajini wanapigiwa saluti, na jeshi lenyewe liliungua? Saluti ilipona, heshima ya mkwe isipone? Halafu dada mmoja wa Tanga akaandika: "Saluti wanapigiana. Huyu anakimbia peke yake."

Nimesoma mara mbili. Sijui kama amekosea.

Leo asubuhi nimezunguka nyuma ya jiko kwa sababu Mzee, baba mkwe wangu, alikuwa anatoka ndani. Hukohoa kwanza, ili nipate nafasi. Kwa hiyo naye ananipisha, kwa namna yake. Hilo sikuliandika kwenye kundi. Wangeuliza kikohozi kinaongeza pointi ngapi.

Jumamosi, 10 Mei

Ambwene kaja kutoka Busale na mkungu wa ndizi. Hata kukaa hajakaa.

"Shemeji, tumtoe. Mkamwana mmoja, tupate kijiji kizima."

Nikamwambia kijiji bila yeye ni mabanda na migomba.

"Wewe si unamkwepa Baba kila siku? Kwenye gemu si ndiyo ungepumzika?"

Ndizi nikazipokea. Ndaga, asante.

Nimekasirika na sijui ninamkasirikia nani. Kama ni uonevu, kwa nini nautetea? Kama ni heshima, kwa nini naona haya kuieleza? Na nani alinituma kumweka mkamwana? Ningeweza kuweka mbuzi.

Jumatatu, 12 Mei

Ambwene kamrekebisha mkamwana bila kuniuliza, kamtumia Kutu kijiji. Nimejua baada ya kufungua kijiji. Mzee wa kwenye gemu akaja na fimbo yake. Mkamwana kasimama palepale, anamtazama machoni, anamwambia: karibu, vyungu imara.

Niligeuza uso. Mimi, mtu mzima, mbele ya kompyuta. Mkono ukaenda wenyewe kuvuta khanga.

Kutu akaandika: safi, kinapita.

Nikarudisha toleo la zamani. Nikamwandikia kwamba hilo ndilo letu, achukue au aache.

Kaacha.

Ambwene alipiga simu. "Umetuua, shemeji." Akakata.

Alhamisi, 15 Mei

Ambwene hapokei. Kundi limerudi kwenye makopo.

Kijiji nimekiweka wazi mtandaoni, anayetaka akichukue. Nimejaribu kujisikia shujaa. Haiji. Sijui hata kama nilichokitetea kinanipenda.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya kanisa Ambwene alikuja dukani. Hakunisalimia. Akanipa simu yake nisome.

Ujumbe wa mtu wa Karonga, Kiswahili cha mpakani. Amekicheza kijiji chetu. Alikuwa ananunua chungu, mama akaingia migombani. Akaona ngoja nimsubiri. Amesubiri mpaka chaji imeisha. Anauliza, huwa anatoka lini?

Tukafungua. Kweli, hatoki. Nilimwandikia atoke mkwe akishaondoka, halafu mkwe mwenyewe nikamjengea kibaraza mkabala na soko. Akishapita njiani anakwenda kukaa pale. Hana safari yoyote. Kila nilipojaribu nilikuwa naangalia anavyoingia tu, naridhika, nafunga.

Basi Kutu alikuwa sahihi nusu. Nusu ipi, sijui.

Ambwene ndiye aliyeanza kucheka. Kisha akavuta kiti. "Mpe Mzee mahali pa kwenda, shemeji."

Tumempa. Kila alasiri anashuka ziwani kuangalia mitumbwi, anakaa, anarudi jua likipoa. Hatukumwambia Kutu.

Tukasubiri. Mzee akaondoka na fimbo yake. Migomba ikatikisika, mama akatoka. Akasimama katikati ya njia, akageuza kichwa kulia, kisha kushoto. Hilo hatukumwandikia, ni la gemu yenyewe, wahusika wote hufanya hivyo wakisimama. Ambwene akasogea karibu na kompyuta. Mimi pia. Mama akainama kwenye vyungu vyake, akaanza kuvipanga.