Nyasi za Heshima Chini ya Gurudumu la Mbele

Ijuganyondo, Jumamosi jioni. Manyunyu tangu alfajiri, na sasa ukungu umepanda kutoka ziwani hadi kwenye migomba yangu. Naandika shajara hii ya mtandaoni kwa kidole kimoja, nafuta, naandika tena.

Mdogo wangu ameruka leo.

Silitumii neno hilo kwa mafumbo. Ameruka angani, juu ya kibanja cha marehemu baba yetu, shamba lake la migomba na mibuni kule Buganguzi, wilayani Muleba, ndani ya ndege aliyoiunda kwa mikono yake katika ghala la kahawa.

Kwa asiyemfahamu, Leonsi ni mdogo wetu wa mwisho, fundi wa mashine za kukoboa kahawa, mtu mwenye wajukuu. Aliianza ndege hiyo alipostaafu. Ina injini ya gari dogo la zamani na viti viwili vilivyopangwa sambamba. Nilidhani atachoka. Hakuchoka.

Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo ardhi ya ukoo iko chini ya uangalizi wangu. Alipokuja kuniomba rweya, ule uwanda wa majani ulio nje ya migomba ambako hulishwa ng'ombe tu, nilimpa kwa sharti moja: magurudumu yasiiache ardhi. Wakaguzi wa usafiri wa anga hawajaiona ndege hiyo, na hadi watakapoiona ni mkokoteni wenye mabawa. Alikubali mbele ya mkewe, Adelina.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Wakati ule ndege ilisimama juu ya magurudumu mawili makubwa mbele na kigurudumu kimoja chini ya mkia. Ilipoanza kukimbia, mkia ulizunguka ukataka kutangulia, na bawa likaingia kwenye mibuni. Leonsi hakuumia. Alitumia kiangazi chote kuibadilisha miguu yake. Aliyasogeza magurudumu makubwa nyuma, akaking'oa kile cha mkiani, akaweka mguu wa tatu chini ya pua, alioutengeneza kwa chuma cha mbele cha pikipiki pamoja na shokapu zake.

Leo alitaka kuujaribu mguu huo. Ardhini tu.

Nilipofika nilikuta rweya imetandikwa nyasi. Akina mama wa kijiji walikuwa wamezikata mapema na kuzitandaza kwa usawa, kuanzia mlango wa ghala hadi mbali kule, kama tunavyotandika nyumbani siku ya kumpokea mgeni wa heshima. Nilivutiwa. Siku hizi watu wengi hutandika ovyo, mafungu hapa na upara pale. Hawa walitandika vizuri.

"Chombo kipya ni kama bibi harusi, waitu," mmoja wao aliniambia, akiniita kwa heshima. "Kitakanyagaje udongo mtupu?"

Leonsi alitoka ghalani amevaa kofia ngumu ya pikipiki. Alizitazama nyasi, akazisugua kwa soli ya kiatu. Kiatu kiliteleza. Akanigeukia.

"Kaka, hizi zimelowa. Breki zitashika kweli?"

Adelina alimjibu kabla yangu. "Utawaambia akina mama wazizoe? Wameamka gizani kwa ajili yako, wewe mtu!"

Wale akina mama walikuwa wamesimama palepale, mikono yao bado ina majani. Kwetu nyasi za heshima haziondolewi machoni pa aliyezitandika. Nilijua hivyo, na yeye alijua hivyo.

"Wamekuheshimu, Leonsi," nilisema. "Nenda polepole."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyarudia njia nzima kutoka Muleba hadi hapa.

Alikwenda polepole. Ndege ilikimbia ikiwa imenyooka kabisa, na mguu ule wa mbele ulipokea mabonde vizuri, ukiinama na kuinuka kama goti la mtu mwenye afya. Watu walipiga vigelegele. Akaongeza mwendo kidogo, kama alivyokusudia, kisha akakanyaga breki.

Magurudumu yaligoma kuzunguka, lakini ndege haikusimama. Iliserereka juu ya nyasi. Niliona gurudumu la mbele likigeuzwa kushoto, kisha kulia, na ndege ikaendelea mbele vilevile kana kwamba hakuna aliyeishika. Mwisho wa rweya watu walikuwa wamekaa chini kutazama. Wazee, mama wenye watoto mgongoni. Walianza kuinuka, wakagongana.

Hapo injini ikanguruma.

Kwanza nilidhani amepotewa na akili. Kisha pua ikainuka, mguu wa mbele ukaachana na nyasi, na yale mawili ya nyuma yakafuata. Ndege ilipita juu ya vichwa vya wale watu, tumbo lake likiwa karibu kiasi kwamba niliona magurudumu yakizunguka hewani, majani yananing'inia.

Nilipiga kelele. Mimi, niliyefundisha maisha yangu yote bila kupandisha sauti darasani. Wanasema nilikuwa namwita mama yetu.

Ndege ilipita juu ya migomba, ikatoweka. Kisha mlio wa injini ukakatika.

Tulikimbia ndani ya kibanja. Nililipita kaburi la baba bila kusimama. Adelina alikuwa mbele yangu, kanga imemdondoka, anakimbia kwa nguvu kuliko vijana. Nilikuwa nikijiuliza nitamzika upande gani wa baba. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ng'ambo ya kibanja, kwenye malisho ya jirani, ndege ilikuwa imesimama juu ya magurudumu yake matatu. Chumba cha rubani kilikuwa kitupu.

Leonsi alikuwa amelala kifudifudi chini ya pua, anaupapasa mguu wa mbele.

"Kaka," alisema bila hata kutoka huko chini, "njoo uone. Haukupinda hata kidogo!"

Adelina alimvuta kwa miguu hadi nje, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara nyingi. "Mzee hovyo! Ulitaka nivae nguo nyeusi wewe! Na hicho kiti chako cha pili usinihesabu, umesikia? Tafuta mwendawazimu mwenzio!" Kisha akamkumbatia, akalia, na Leonsi akaivua ile kofia ngumu.

"Nisingeongeza moto ningewasaga," alinong'ona. "Nisingeongeza moto, kaka."

Nilikwenda kwenye ndege, nikachomoa ufunguo, nikautia mfukoni. Hakunizuia. Akina mama walitufikia wakihema, na yule aliyetaja bibi harusi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Nilipokuwa naingia garini Leonsi aliniuliza jambo moja tu: "Utaurudisha?"

Niliwasha gari nikaondoka.

Na sasa niseme lililobaki, maana shajara isiyosema kweli ni upuuzi. Kabla sijaogopa, kwa muda mfupi sana, pale magurudumu yalipoiacha ardhi kinyume cha sharti langu, nilifurahi.

Leonsi, najua utayasoma haya kesho baada ya misa. Ufunguo uko salama, wala hauko mahali unapopafikiria. Waite wakaguzi. Siku watakapofika nitauleta mwenyewe. Kabla ya hapo chukua reki uzikusanye nyasi zote, na akina mama nitazungumza nao mimi, kwa heshima, maana mimi ndiye niliyekataa ziondolewe.

Lakini kuna jambo nimekuwa nikiliwaza tangu Muleba. Adelina hapandi, na ulilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Kiti cha pili ulimtengenezea nani?