Mchicha wa Kiunoni

Tarehe 6 Januari

Chiriku, mjukuu wangu,

Kabla hujaniuliza: mimi mzima, nakula, nalala, na goti la kushoto linapiga kelele zake zile zile. Wewe je? Barua yako ilijaa habari za mvua na za basi, lakini kama umenenepa au umekonda hukusema. Anayeniandikia ni yule fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Akinipamba nitajua, maana lazima anisomee kabla hajaifunga.

Umesema nyuma ya chumba chako kuna kipande cha udongo kati ya tanki la maji na kamba ya nguo, na mama mwenye nyumba amekuruhusu upande mboga. Vizuri. Mtu akirudi kazini akakuta ukuta mtupu, mwishowe ataongea na ukuta. Mwenye mboga ana wa kumjulia hali.

Sikiliza basi, na madawa ya dukani uyaache huko huko dukani. Udongo uliokanyagwa na waanika nguo umezimia, uamshe kwanza. Chimba shimo pembeni, tupa humo maganda, majani makavu, machicha ya chai, majivu kidogo, na samadi ukiipata. Rashia maji, funika, geuza mara kwa mara. Ukitia mkono ukasikia joto, inapika hiyo, iache. Ikishapoa na kunukia kama ardhi iliyonyeshewa, hapo ndipo uichanganye na udongo. Samadi mbichi usiguse nayo mche, utauunguza.

Huku baba yako mdogo amekuja tena na gari lake. Anataka nihamie kwake mjini, ati umri wangu si wa kukaa peke yangu, na hapa kwenye bustani ajenge vyumba vya kupangisha. Nikamwambia, "Mwanangu, matuta haya ndiyo yaliyokupeleka shule. Utanitoa hapa nimelala chali." Akacheka. Mimi sikucheka. Kule nitakalishwa kwenye kochi kama redio mbovu, watu wapite wanifute vumbi. Hapa nina kazi, Chiriku. Nikiamka kuna kitu kinanihitaji.

Bibi yako


Tarehe 2 Machi

Shikamoo bibi,

Goti limenyamaza? Mimi mwili hauna neno. Sijanenepa wala sijakonda, nipo tu.

Kazi ni ile ile ya kufua mashuka ya hospitali. Mashine zina kelele hata mimi na wenzangu hatusemeshani, tunaonyeshana kwa mikono. Nikifika chumbani masikio bado yanavuma. Jumapili iliyopita jioni nilijigonga kidole mlangoni nikasema "aii!", nikashtuka, maana ndiyo ilikuwa sauti yangu ya kwanza siku hiyo. Na wewe ndiye uliyeniita Chiriku kwa ajili ya kelele zangu.

Shimo lilipika kweli. Nikapanda kabichi, zikatoka vizuri, halafu wakaja vidukari, weusi, wamejazana chini ya majani. Nikakumbuka ulikuwa ukiwanyunyizia maji ya sabuni. Nikachota sabuni ya kazini kidogo, nikaikoroga, nikanyunyiza. Asubuhi majani yote yalikuwa meupe kama mashuka. Bibi, nilikaa juu ya ndoo nikalilia kabichi. Mama mwenye nyumba akachungulia dirishani, halafu akavuta pazia.

Naomba unitumie mbegu zako. Na mchicha wako unaendeleaje?

Mjukuu wako, Chiriku


Tarehe 20 Machi

Marahaba, muuaji wa kabichi!

Nilicheka hata fundi akasimamisha cherehani. Sabuni inayong'oa damu kwenye shuka unaipeleka kwenye jani changa, unategemea nini? Chukua sabuni ya mche, kipande kidogo kama ukucha. Ponda pilipili mbichi na kitunguu saumu, loweka mpaka kesho yake, chuja, ndipo utie hiyo sabuni. Nyunyiza jioni jua likishachoka, na uinamie chini ya jani, maana mdudu si mjinga wa kukaa barazani. Panda vitunguu maji katikati ya kabichi, hao wadudu harufu yake inawakera. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, usiuache uchi juani. Na palipotoka kabichi, msimu ujao weka kunde, udongo nao unachoka kulishwa na kuliwa na mtu yule yule.

Hiyo habari ya kulia juu ya ndoo, ukome. Kama ni kulia, gonga mlango wa huyo mama, mpe fungu la mboga, ulie mbele yake. Pazia si ukuta.

Nakutumia mbegu nilizochambua kwa mikono yangu. Fundi amezishonea kila aina na kitambaa chake: cha maua ni mchicha, cha mistari ni bamia, cheupe ni vitunguu. Mchicha wangu umestawi hujapata kuona, unanifika kiunoni!

Baba yako mdogo alikuja tena, safari hii na mtu wa kupima mwenye kamba. Nikawamwagia ndoo nzima ya maji viatuni, nikasema samahani wanangu, sikuwaona. Waliondoka wanachuruzika. 

Fundi anataka kuongeza neno lake hapa chini. Nimemkatalia. Barua ni yangu.

Bibi yako


Tarehe 5 Mei

Shikamoo bibi,

Natumaini u mzima, na leo siulizi kwa mazoea.

Nimefungua vitambaa vyako. Cheupe kilikuwa sawa. Cha mistari, bibi, kilikuwa nusu bamia na nusu mavi ya panya. Nilidhani macho yangu yamechoka na mashuka, nikakimwaga chote mezani chini ya taa. Mavi ya panya. Wewe uliyekuwa ukipeta mbegu mara tatu, ukiona moja imetobolewa unaitupia kuku huku ukiitukana!

Nikapanda cha maua. Kilichoota si mchicha, ni gugu, lile lile ulilokuwa ukinichapa kiganja nikiliacha kwenye tuta. Hapo ndipo nilipokaa nikafikiri habari ya mchicha wako wa kiunoni. Ulinifundisha mchicha unavunwa ungali mororo, haujafika hata gotini. Wewe usingeuacha ukufike kiunoni labda uwe huuoni, au si mchicha.

Macho yako yakoje? Nijibu bila mzaha.

Mama mwenye nyumba nilimpelekea majani machanga ya vitunguu. Alisema asante kwenye upenyo wa mlango, akafunga.

Chiriku wako


Tarehe 19 Mei

Wewe,

Salamu utazikuta chini, nikishatoa hili.

Jicho la kulia limeingia ukungu tangu mwaka jana. La kushoto namwona mtu kama nguo kwenye kamba, najua kuna kitu, sijui ni cha nani. Napalilia kwa vidole, na vidole vyenyewe vimekuwa magome. Huo mchicha wa kiunoni ni magugu. Nimeyamwagilia, nimeyawekea mboji, nimeyasifia kwa wapita njia! Fundi alikuwa anajua, alinionea haya kuniambia. Nimemnunia, lakini sina mwandishi mwingine. Andika na hilo, fundi. Na wale niliowamwagia maji, kweli sikuwaona. Nilisikia sauti wakishalowa, nikaligeuza jambo liwe ujeuri.

Sasa nisikie. Neno hili ni la kwangu, la fundi na la kwako. Baba yako mdogo akilisikia amepata kamba aliyokuwa anaitafuta, nitafungwa kama gunia na kutupwa kwenye gari. Bustani yangu naijua kwa nyayo. Naijua kwa harufu. Nitakufa nikijikwaa humo, na ni haki yangu.

Tangu mama yako atutoke nimekulea wewe kwa mikono hii, sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba hiki. Ukimwambia, usiniite bibi tena.

Salamu ni hizi: nakupenda.

Bibi yako


Tarehe 30 Mei

Shikamoo bibi, hata kama hutaitika.

Nimempigia baba mdogo. Nimemwambia.

Nilishika ombi lako wiki nzima. Kazini yuko muuguzi anayetuletea mashuka ya wodi ya macho, nikamvuta mbali na mashine nikamuuliza. Alisema ukungu huo aghalabu unatolewa, ila ukikawia kuna wakati daktari naye hana la kufanya. Hata hapo nilinyamaza. Lakini nilipolala nikakumbuka kisima chako upande wa chini wa bustani, kile kisicho na ukingo, na wewe unakwenda kuteka maji kwa nyayo na harufu. Sikuweza, bibi.

Nimemwomba akupeleke hospitali na bustani asiiguse. Akasema, "Tutaona."

Nitukane. Nitukane kurasa tatu, lakini uziandike.

Mjukuu wako


Tarehe 11 Julai

Shikamoo bibi,

Baba mdogo ameniambia umehamia kwake na unamsubiri daktari. Barua hii inakuja huko, kwa hiyo najua atakayekusomea ni mkewe. Shikamoo mama mdogo, na ahsante.

Basi niseme ya mboga tu. Zile bamia zilizokuwa bamia kweli zimeota. Nimetandaza nyasi kavu kama ulivyosema, udongo unabaki na ubaridi hata mchana. Dawa ya pilipili inafanya kazi, ila niliisahau mkononi nikajikuna jicho. Ungecheka.

Nasubiri.

Chiriku


Tarehe 28 Agosti

Bibi, shikamoo,

Postani sasa wananijua. Yule wa dirishani akiniona tu anatikisa kichwa, hata sijauliza.

Leo nimevuna bamia nyingi. Nilipika sufuria nzima bila kufikiri, nikajikuta nimepakua sahani mbili. Ile ya pili ilikaa mezani mpaka ikapoa, nikairudisha.

Baba mdogo haelezi, anasema "anaendelea vizuri" halafu simu inakatika. Kama huwezi kusema nami, mwambie mama mdogo aandike neno moja tu, hata liwe "sitaki".

Mimi


Tarehe 3 Novemba

Chiriku,

Sijambo, goti nalo lipo. Ukiuona mwandiko huu wa fundi umeshajua niko wapi.

Barua zako zote mbili zilinifika kule mjini. Mke wa baba yako mdogo alinisomea kwa sauti ya taarifa ya habari, akaniuliza, "Mama, nimjibuje?" Nikasema mwache. Ni mwanamke mwema, hakuninyima kitu, lakini maneno yangu kwako hayawezi kupita kwenye mdomo wake. Ningekutukana, yeye angeandika "bibi anakusalimu sana". Na ile ya kwamba unasubiri, umepakua sahani mbili, ningemjibia nani pale sebuleni, televisheni inaongea? Nikanyamaza. Nyumba yenyewe ni vigae ndani, saruji nje, ukuta kwa ukuta, hata gugu la kung'oa hakuna. Nilikuwa nainama uani napapasa, watoto wananiuliza bibi umeangusha nini.

Jicho la kushoto wamelitengeneza. La kulia daktari amesema tumechelewa. Walipofungua bandeji wa kwanza kumwona ni mwanangu, na nilishtuka. Amezeeka! Kichwani mwangu alikuwa bado ana nywele nyeusi. Nikamwambia, "Umekuwa mzee lini bila ruhusa yangu?" Akalia, mtu mzima, mbele ya muuguzi.

Nilipopona nikamwambia anirudishe. Akasema tutaona. Nikafunga mzigo wangu, nikaukalia pale getini kwake. Majirani wanapita, "Mama, unamsubiri nani?" Nawajibu, "Namsubiri mwanangu apate aibu." Haikumchukua muda kuipata. 

Sasa nikwambie ya hapa, usiyasikie kwa mwingine. Upande wa chini wa bustani haupo. Alikuwa ameshachimba misingi ya vyumba vyake, na kisima amekifukia kwa kifusi. Anasema ni kwa usalama wangu. Nilipouona ule mtaro nilikaa chini, fundi akadhani nimeanguka. Ningekuwepo asingechimba, na nisingeondoka kama wewe ungenyamaza. Hilo nimeliweka kwako. Na jicho hili linaloona mtaro nalo nimeliweka kwako. Vyote ni vyako, sitavipima nione kipi kizito.

Upande wa juu umebaki, ni pori. Maji nachota kwenye bomba la fundi. Nimeanza na tuta moja karibu na mlango, nang'oa na kuangalia, nang'oa na kuangalia, kila jani nalitazama usoni kwanza. Kumbe nilikuwa nimeng'oa vitunguu vyangu vyote nilipokuwa sioni, miche yake niliikuta imekauka kwenye lundo la magugu. Jioni nikimaliza nakaa. Hakuna wa kumwambia nimemaliza. Fundi ana kazi za watu.

Bado nimekukasirikia. Fundi anataka nilainishe hapo, nimemkatalia, aliache lilivyo. Hasira ninayo na sijui itaisha lini. Lakini miezi ile yote kwenye vile vigae nilikuwa nakugombeza kimoyomoyo mpaka usingizi unanichukua, wewe hujibu, nami naanza upya. Haina raha. Mtu wa kugombezwa inafaa ajibu.

Kwa hiyo jibu. Usiniandikie kwamba umejuta, andika kwamba ulikuwa sahihi, nipate cha kukukatalia. Andika na sahani ile ya pili ulikusudia kumpa nani.

Bibi yako