Aliyebonyeza, Aliyesikia

Jumatatu, 3 Machi

Mkaguzi wa nyumba za kupangisha kaja leo. Binti mdogo, viatu vya raba, tochi mkononi. Kakagua vyumba vyangu vitatu, madirisha, mtungi wa gesi wa mshonaji, nyaya za kinyozi. Nikaona mambo shwari. Kumbe! Kafika sebuleni, kaugonga ukuta, kauliza ng'ambo yuko nani. Mdogo wangu, nikamwambia, naye anapangisha vyumba vitatu. Akasema hati ni moja, paa ni moja, basi na leseni ni moja. Tusipoipata mwezi huu, wapangaji wote sita watoke.

Leseni moja! Mimi na yule hatujasemezana miaka kumi na moja. Namsikia akikohoa tu.

Jioni nikabaki naukodolea macho ule ukuta. Hapa palikuwa sebule ya Mama, pana, ya kukimbizana. Kiti chake dirishani, redio juu ya kabati, sisi wawili sakafuni tukigombania mto mmoja. Sasa dirisha liko kwangu, kabati liko kwake. Nimekumbuka mpaka maji ya chai yakakaukia jikoni.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi umeme kafunga ving'ora vya moshi, kimoja kwangu, kimoja kwake. Sharti la mkaguzi: kikilia kimoja na cha pili kilie, maana moto haujui mpaka. Fundi katoboa ukuta apitishe waya. Tundu la kidole tu — mwanga wa kwake ukaingia kwangu. Na harufu ya sabuni ya kipande, ileile aliyokuwa akinunua Mama. Bado anaitumia! Fundi akaziba kwa saruji. Nikamchukia, masikini, na kazi yake ndiyo hiyo.

Mkaguzi kaacha daftari. Kila Jumamosi mmoja abonyeze kitufe cha majaribio, mwingine athibitishe kasikia. Safu mbili: Aliyebonyeza, Aliyesikia. Sahihi zote mbili, wiki mbili mfululizo, ndipo leseni itoke. Nikamwomba atusainie yeye. Akacheka: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Na akaenda zake.

Jumamosi, 8 Machi

Zamu yangu kubonyeza. Kelele hizo! Kinyozi katoka mbio na mashine yake, mteja nyuma, kanyolewa nusu kichwa. Kisha kimya. Nikasubiri. Nilijua hatasema neno, yule kichwa chake jiwe.

Mara ukutani: ko, ko. Mara mbili.

Nikakaa kitini. Hiyo ni yetu! Utotoni, Mama akishatukataza soga za kitandani, tulikuwa tunagongeana ukuta wa vyumba vyetu. Tatu: uko macho? Mbili: niko macho, sema. Yeye alikuwa na miaka sita, mimi dada yake tisa. Raha iliyoje!

Mshonaji kapeleka daftari, kalirudisha limesainiwa. Mwandiko wake bado unapepesuka kama mlevi.

Jumamosi, 15 Machi

Zamu yake. King'ora kikalia, nami nikagonga mbili. Basi, wiki mbili zimetimia, wapangaji hawaendi kokote. Nilipolishika daftari nikasoma ya wiki iliyopita — Aliyesikia, na jina lake. Nikalia, mtu mzima mimi.

Maana ugomvi wetu wote ni huo. Mama alifariki saa nane mchana. Yeye alikuwa kalala chumba cha pili, katoka zamu ya usiku, kazi ya ulinzi. Alipoamka, yamekwisha. Aliniambia neno moja tu: "Hukuniita." Baada ya mazishi akaleta matofali.

Sikumwita, kweli. Niliinuka niende, Mama akanishika mkono. "Mwache alale, kachoka." Ndiyo maneno yake ya mwisho. Sijamwambia hadi leo. Kwanza kwa hasira, vipi anidhanie ubaya? Baadaye kwa huruma, maana usingizi wake mwenyewe atausamehe vipi? Mwisho kwa mazoea tu.

Jumanne, 18 Machi

Leseni hiyo! Mkaguzi kaibandika mlangoni, majina yetu mawili karatasi moja. Kinyozi kaahidi kuninyoa bure. Nikamwambia amalizie kwanza kile kichwa cha Jumamosi ile.

Nimeketi na chai, naandika. Leo si siku ya majaribio. King'ora hakijalia.

Ukuta umegongwa. Tatu.

Labda kaangusha kitu. Nimeendelea kuandika, kama sijasikia.

Kagonga tena. Tatu, polepole —

Nimegonga mbili. Sasa nasikia kiti kinaburutwa upande wake, kinasogea ukutani. Anakohoa. Sauti imekuwa nzito, imekuwa ya mzee.

"Dada. Siku ile, Mama aliniulizia?"

Nami nasogeza kiti changu.